Mgeni Rasmi Bado Anazungumza

Jina la nchi hii lingeandikwa hapa bila woga wowote, ila kwa sasa liko kwenye mchakato. La zamani lilifutwa siku moja asubuhi, na jipya haliwezi kutamkwa mpaka lizinduliwe. Raia wake wakiulizwa na wageni wametoka wapi, hujibu "kwetu," kisha hutazama kando.

Msomaji asicheke. Ni nchi yenye utaratibu. Sheria zake ni nyingi, na karibu zote zinavunjwa, lakini iko moja ambayo hakuna mtu amewahi kuigusa: Sheria ya Uzinduzi. Inasema kwamba kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Ndiyo maana daraja kubwa la mashariki lilikamilika, likapakwa rangi, likawekewa taa, na kwa miaka tisa magari yakaendelea kuvuka mtoni chini yake, maji yakiwafika abiria magotini huku wakiinua macho kulitazama kwa fahari. Ndiyo maana pia wodi mpya ya wazazi ilibaki imefungwa utepe, na akina mama wakajifungulia kwenye nyasi, mbele ya mlango, wauguzi wakiwapa pole kupitia dirishani.

Sheria hiyo ina vifungu viwili vidogo, ambavyo wananchi wanavijua kuliko siku walizozaliwa watoto wao. Kifungu cha kwanza: mgeni rasmi akishaanza kuzungumza, hakuna mtu atakayeondoka wala kitu kitakachoondolewa mpaka amalize. Kuna naibu waziri aliyepitiwa na usingizi jukwaani, akiwa katikati ya sentensi. Watu walikaa siku mbili wakimngoja, kwa sababu sentensi ilikuwa haijafika nukta. Kifungu cha pili: neno la mgeni rasmi akiwa jukwaani ni agizo. Majukwaani huko watu wamesimamishwa kazi, mito imehamishwa kwenye ramani, na mwaka mmoja msimu wa mvua uliahirishwa hadi hapo utakapotangazwa tena. Mvua ikanyesha. Ikaandikiwa barua ya kujieleza.

*

Mwalimu Mwavita alivijua vifungu hivyo kama mtu anavyomjua mbwa mkali wa jirani: kwa kupita mbali. Ujana wake wote alikuwa mchoraji wa mabango ya vinyozi. Karibu kila kichwa kilichochorwa kwenye mlango wa kinyozi pale mjini, chenye nywele zilizolazwa au panki lililosimama, kilitoka mkononi mwake. Vichwa mia na zaidi, vyote vimekatwa shingoni, havina mabega wala mikono. Alipofika umri wa kuvaa miwani alijiona amejaza mji mzima watu nusu, na jambo hilo likamkera.

Akaenda kwa mtendaji wa mtaa wa Vikutani kuomba ukumbi wa jamii, ule uliojengwa kwa ajili ya michezo ya bao na mikutano ya kuahirisha mikutano, ili siku za Jumamosi awafundishe watoto kuchora. Bure. Mtendaji alitafuta kwenye makabati yake fomu ya mtu anayetaka kufanya kitu bure, akaikosa, akampa iliyokuwa karibu: fomu ya Mshika Ufunguo wa Ukumbi.

"Hii inakuingiza serikalini, dada yangu," akasema. "Ngazi ya mwisho kabisa, lakini ni serikalini."

"Kuna mshahara?"

"Hakuna. Kuna heshima."

"Basi nipe kalamu, nisikucheleweshe."

Miaka sita ilipita hivyo. Watoto walichora kwa mkaa juu ya mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kugeuzwa ndani nje. Somo lilikuwa moja: mikono. Mwalimu Mwavita aliamini kwamba uso unaweza kudanganya na mgongo unaweza kuigiza, ila mkono husema kazi yake. Mtoto aliyeshindwa na vidole, akamchora mtu kaiweka mikono mfukoni, alirudishiwa karatasi yake. "Nguo za hapa hazina mifuko," alikuwa akiwaambia. "Itoe tuione."

Iliyoizidi mikono yote ya darasa ilikuwa ya Havijawa, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyelelewa na bibi yake, muuza vitumbua wa pale getini. Havijawa hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo yalikuwa makali. Mwalimu alimpa ukuta. Ukuta mzima wa ndani, wa upande wa dirisha. Kwa miezi minne mtoto yule alichora mikono ya bibi yake ikigeuza kitumbua kwenye karai: mishipa, kovu la mafuta ya moto, kucha iliyopasuka, pete ya shaba iliyokataa kutoka. Mikono ilikuwa mikubwa kuliko mlango. Lilikuwa limebaki dole gumba la kushoto tu.

Jumamosi moja walikubaliana kwamba Jumamosi inayofuata lingekamilika. Jumamosi inayofuata ikaja na gari la serikali.

*

Alishuka Bwana Selestini Kapalata, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Mpango wa Taifa wa Sanaa Bure kwa Mtoto. Nyuma yake walishuka wasaidizi watatu: mmoja wa utepe, mmoja wa mkasi, na mmoja wa kimto ambacho mkasi hulazwa juu yake. Bwana Kapalata alisimama mlangoni akawatazama watoto waliokuwa wamepiga magoti sakafuni, nyuso zimejaa mkaa, wakichora.

"Mama," akasema kwa sauti ya daktari mbele ya kidonda, "shughuli hii ilizinduliwa na nani?"

"Haikuzinduliwa, baba. Ilianza tu."

Msaidizi wa kimto aliangusha kimto.

"Ilianza," Bwana Kapalata akarudia. "Tu."

"Nilileta mkaa, watoto wakaja."

"Kwa hiyo miaka yote hii watoto hawa wamekuwa wakichora nje ya sheria." Alitikisa kichwa kwa huruma, kisha akaweka mkono begani mwa Mwalimu. "Lakini usiogope, mama. Serikali haina kisasi. Tumekuja kuwafadhili. Kuanzia sasa hapa patakuwa na mafunzo ya sanaa bure."

"Ni bure tayari."

"Hiyo ni bure ya kienyeji, mama. Sisi tunaleta bure ya kitaifa."

Akaeleza tofauti. Bure ya kienyeji haina kamati. Haina nembo, haina fulana, haina mtaalamu mwelekezi. Mtu yeyote anaweza kuitoa, hata maskini, na ndiyo sababu haiheshimiki. Bure ya kitaifa ni ghali sana. Kuna fungu lake zima, na sehemu kubwa ya fungu hilo tayari ilikuwa imefanya kazi kubwa: maofisa walikwisha kukaa hotelini ufukweni kwa wiki tatu kwenye semina ya kumwelewa mtoto anayechora. Mtoto mwenyewe hakualikwa ili asiingilie uelewa. Kalamu za rangi zilizonunuliwa kwa semina hiyo zilitumika kuchora mishale ya kuelekea chooni.

"Na haya mafunzo yataanza lini?" akauliza Mwalimu.

"Mara tu yakishazinduliwa. Kwa sasa tunaufunga ukumbi, kwa kuwa umeingia kwenye orodha."

Watoto wakatolewa nje. Mlango ukafungwa, ukapigwa lakiri nyekundu, ukavishwa utepe. Havijawa alibaki amesimama mbele ya Bwana Kapalata, kipande cha mkaa kikiwa bado mkononi.

"Bado dole gumba," akasema.

"Dole gani, binti?"

"La bibi."

Bwana Kapalata akamwinamia, akatabasamu lile tabasamu walilofundishwa hotelini. "Litazinduliwa pamoja na mengine."

*

Mwaka ukapita, na miezi miwili juu yake. Mwalimu Mwavita alijaribu kuwakusanya watoto kivulini nyuma ya ukumbi, akapewa onyo la maandishi kwamba kuchora kabla ya uzinduzi ni kuitangulia Serikali. Akaandika barua kuomba angalau mlango ufunguliwe kwa saa moja, mtoto amalizie ukuta wake. Akajibiwa vizuri sana, kwenye karatasi nzito: "Barua yako imepokelewa, nayo inasubiri kuzinduliwa."

Kitu kimoja tu kiliruhusiwa. Kila Jumamosi watoto walipangwa mistari juani wakafundishwa wimbo wa kushukuru kwa kufundishwa kuchora. Wimbo ulikuwa na beti kumi na nne na hatua za miguu. Mwalimu wa wimbo alitoka makao makuu, na alipowauliza watoto kama kuna neno lisiloeleweka, Havijawa alinyoosha mkono akasema halielewi neno "asante" lililo kwenye ubeti wa kwanza, lile la pili nalo, na yale yote yaliyobaki. Akahamishiwa mstari wa nyuma.

Kilichomsumbua Mwalimu ni umri. Mpango ulisema mtoto ni mtu asiyezidi miaka kumi na miwili. Akishaivuka anakuwa kijana, na vijana wana mpango wao, ambao ulikuwa bado kwenye semina. Havijawa alikuwa amebakiza wiki chache. Kila akikutana na Mwalimu njiani aliuliza jambo lile lile, kama mtu anayemuulizia mgonjwa: "Dole langu lipo?" Na Mwalimu, ambaye alikwisha kuchungulia dirishani mara nyingi mpaka mlinzi akamzoea, alijibu: "Lipo. Yaani nafasi yake ipo."

Siku moja akamtembelea rafiki yake Mwalimu Sikujua, aliyekuwa akifundisha watoto kufinyanga udongo kwenye ukumbi wa mtaa wa pili. Alimkuta amekaa barazani, mikono mapajani, misafi. Mwavita hakuwahi kuiona mikono ile ikiwa misafi.

"Kuna nini, shoga?"

"Wametuzindua," akasema Sikujua.

"Pole jamani. Lini?"

"Jumanne. Alikuja mheshimiwa fulani, kwa niaba ya mwingine. Walileta meza nzuri, masanduku ya rangi, udongo wa kiwandani umefungwa kwenye nailoni. Akakata utepe. Wakapiga makofi. Halafu wakapakia kila kitu kwenye lori."

"Walipeleka wapi?"

"Kwenye uzinduzi wa Alhamisi. Vifaa ni vile vile, nchi nzima. Udongo wenyewe una tarehe ya mwaka juzi." Sikujua alicheka bila kufungua mdomo. "Nikamuuliza yule mratibu, na mafunzo je? Akaniambia, mama, mpango ukishazinduliwa umekamilika. Faili limefungwa. Kwenye taarifa watoto wetu wameshahitimu."

"Na ukumbi?"

"Jengo lililozinduliwa lazima liwe jeupe. Walipaka chokaa ndani na nje, wakapiga jiwe la jina, wakafunga kufuli. Vinyago vya watoto vilikuwa kwenye rafu. Vilipakwa humo humo. Vimesimama pale, vyeupe, kama maiti."

Mwavita alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima aliyapima mambo mawili. Ukumbi usipozinduliwa, Havijawa haingii kamwe. Ukizinduliwa, mikono ya bibi yake inapakwa chokaa siku ile ile. Hiyo ndiyo bure ya kitaifa: ilikuwa imezungushiwa ukuta pande zote, na mlango wake ulikuwa umechorwa tu.

*

Siku ya uzinduzi iliahirishwa mara saba, kwa sababu Mpango ulikuwa na neno "Taifa" na kwa hiyo mgeni rasmi alipaswa kuwa Mkuu wa Nchi mwenyewe. Ya nane ikasimama. Alfajiri mawe ya barabarani yalipakwa chokaa, pamoja na vigogo vya miti hadi kiunoni na kobe mmoja aliyechelewa kuvuka. Likaja hema, vikaja viti vilivyovishwa vitambaa, zikaja fulana zenye picha ya Mkuu wa Nchi ambazo watoto walizivaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Likaja lori la masanduku ya rangi. Mwalimu Mwavita alilitazama sana lori hilo. Nyuma kabisa, chini ya turubai, kulikuwa na madumu ya chokaa na mafundi wawili wamelalia brashi zao.

Saa tatu hadi saa saba watu walikaa. Ndipo Bwana Kapalata akaonekana nyuma ya jukwaa akifungua bahasha, ndani ya bahasha mna bahasha, jasho likimtoka mpaka kwenye tai.

Mkuu wa Nchi alikuwa ametingwa na majukumu, akamtuma Makamu amwakilishe. Makamu, ametingwa, akamtuma waziri. Waziri akamtuma naibu, naibu akamtuma katibu, katibu akamtuma mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa alikuwa akimwakilisha Makamu kwenye uzinduzi wa kampeni ya kupunguza sherehe, kwa hiyo akamtuma mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya akamtuma diwani, na diwani akamtuma mtendaji wa mtaa. Kila barua ilisema mamlaka yote ya mtumaji yamo ndani yake kamili, bila kupungua. Na mtendaji wa mtaa je? Mtendaji wa mtaa alikuwa mtaa wa tano, akimwakilisha waziri kuzindua choo.

"Chini ya mtendaji kuna nani?" Bwana Kapalata alimnong'oneza msaidizi wa mkasi.

"Hakuna mtu, bosi. Kuna wananchi."

"Tazama kitabu."

Msaidizi akafunua kitabu cha ngazi za serikali mpaka ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, wenye doa la chai. Akasoma. Akamtazama Mwalimu Mwavita, aliyekuwa akimfunga mtoto fundo la fulana. Akasoma tena.

Haikupita dakika Bwana Kapalata alikuwa amesimama mbele yake, na jambo la ajabu lilikuwa mgongo wake. Asubuhi ile ile alikuwa amemwambia "mama, sogea, unaziba kamera." Sasa mgongo ulikuwa umekunjika wenyewe, kwa mazoea, kama kiti cha kukunja.

"Mheshimiwa," akasema.

Mwalimu akageuka kuona nani amekuja.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Mshika Ufunguo. Unamwakilisha mtendaji, anayemwakilisha diwani, anayem..."

"Nimeelewa. Wote."

"Wote, Mheshimiwa. Kuna hotuba imeandaliwa, kurasa mbili tu. Unasoma, unakata utepe, tunamaliza. Wenye lori wana uzinduzi mwingine saa kumi."

Bibi yake Havijawa, aliyekuwa ameketi getini na beseni lake, alimtazama Mwalimu akipelekwa jukwaani katikati ya maofisa waliosimama wote kwa mpigo. "Haya," akamwambia mjukuu wake, "Mwavita kawa Serikali. Kesho hatatusalimia."

*

Mshereheshaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Watoto wakaimba beti zote kumi na nne. Kwenye kimto mkasi ulikuwa ukimeta. Mwalimu Mwavita alisimama mbele ya kipaza sauti na zile kurasa mbili, akaona mstari wa kwanza umesema, "Nitazungumza kwa kifupi sana." Ndiyo sentensi ambayo kila kiongozi wa nchi ile huanza nayo kabla ya kula saa tatu za watu.

Akainua macho. Aliwaona maofisa safu ya mbele, matumbo yao yakiwa yamewatangulia kuketi. Akawaona mafundi wa chokaa, wameshaamka, wanakoroga. Akaziona nywele za Havijawa kule mstari wa nyuma. Akamkumbuka yule naibu waziri aliyesinzia na sentensi yake ambayo haikufika nukta, na watu waliokaa siku mbili bila kuthubutu kwenda haja.

Akazikunja kurasa mbili, akazitia mkobani.

"Ndugu wananchi," akasema. "Nitazungumza kwa kirefu."

Bwana Kapalata akaanza makofi, na wengine wakafuata, kwa kuwa mtu wa nchi ile hupiga makofi kwanza kisha akasikia.

"Nimetumwa kuzindua mafunzo ya kuchora. Siwezi kuzindua nisichokiona. Kwa hiyo naagiza mlango ufunguliwe, na watu wa mtaa huu waingie na kutoka wapendavyo."

Maofisa wakatazamana. Lakiri ile iliwekwa kwa amri ya katibu. Hata hivyo katibu alikuwa mle mle ndani ya Mwalimu, pamoja na waliomzidi. Mlango ukafunguliwa, utepe ukabaki mzima, watoto wakapita chini yake kwa kuinama.

"Naagiza masanduku ya rangi yafunguliwe."

"Mheshimiwa," Bwana Kapalata akanong'ona kutoka chini ya jukwaa, "hayo ni ya maonyesho. Hayajawahi kufunguliwa."

"Yanaonyesha nini yakiwa yamefungwa?"

"Yanaonyesha kuwepo, Mheshimiwa."

"Fungua, mwanangu."

Yakafunguliwa. Nusu ya rangi zilikuwa zimekauka kwa kuzurura, lakini nusu nzima ilitosha kuwafanya watoto wakae kimya. Mwalimu akauchukua waya wa kipaza sauti, akatembea nao hadi ndani ya ukumbi. Hotuba ikaendelea. Maofisa hemani waliisikia kupitia spika: jinsi ya kuanza na kiganja kabla ya vidole, kwamba vidole havianzi mahali pamoja, kwamba dole gumba halikubandikwa pembeni kama mpini wa kikombe bali linatoka ndani, kwenye nyama. Kila alipopumua walipiga makofi. Mmoja, mwenye cheo kikubwa, alikuwa akiandika kwenye daftari: "Vidole. Sehemu mbalimbali. Kufuatilia."

Havijawa alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Vumbi lilikuwa limeikalia mikono ya bibi, ila ilikuwa pale pale, ikiegemea karai. Aliipangusa kwa fulana ya Mkuu wa Nchi.

"Mwalimu, na mimi nimekua," akasema bila kugeuka. "Sifiki chini vizuri kama zamani, nafika juu zaidi. Dole litatoka tofauti."

"Litoke."

"Na nikimaliza? Si watapaka?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na hema zima lilisikia.

"Watapaka nikimaliza mimi," akasema Mwalimu Mwavita. "Wewe maliza kwa raha zako."

Jua lilipoanza kulegea, dole gumba lilikuwa limefika ukucha. Bwana Kapalata alikuja mlangoni, kainama. Alisema lori limekosa uzinduzi wa saa kumi, na uzinduzi wa Jumatatu uko mashakani, na je, Mheshimiwa anaelekea kuhitimisha? Mwalimu Mwavita alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi jukwaani, akausogeza mdomo karibu na kipaza sauti.

"Na kwa sababu hiyo, ndugu wananchi," akasema, kila neno peke yake, "pamoja na mengine yote niliyoyagusia..."

Akanyamaza. Wakamngoja. Akashuka, akachukua mkoba wake, akampa bibi mkono kumsaidia kuinua beseni, wakaenda zao nyumbani.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kuendelea pale alipoishia.

*

Hayo yalitokea muda mrefu kidogo uliopita, na hotuba bado inaendelea. Hema lipo. Lori lipo pia, limeota majani magurudumuni, na nchi nzima haijazindua mafunzo mengine kwa kukosa vifaa. Kwa sababu hiyo kumbi kadhaa za mitaani, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifunga, zinafundisha watoto kila siku. Mwalimu Sikujua amevunja kufuli lake na anaviogesha vile vinyago vya chokaa kimoja kimoja.

Kutoka juu zimekuja barua tisa za kumwomba mgeni rasmi afupishe. Zote zilirudi. Wanasheria wa Serikali walikaa wakagundua kwamba Mwalimu anazungumza kwa niaba ya Mkuu wa Nchi, na anayemkatiza anamkatiza Mkuu wa Nchi, hata kama anayemkatiza ni Mkuu wa Nchi. Waliposhauri afukuzwe kazi, ilionekana hana kazi. Ana heshima tu, na fomu haikuweka utaratibu wa kuiondoa.

Kuhusu umri, Havijawa amepita kumi na miwili. Lakini wanasheria hao hao waligundua kwamba miaka ya Mpango huhesabiwa kuanzia siku ya kuzinduliwa, kwa hiyo kisheria bado hajaanza kuzeeka. Ukuta wa upande wa dirisha umekwisha. Sasa yuko ukuta wa pili. Anachora mikono ya mafundi wa chokaa, ambao wameketi muda mrefu sana bila kazi mpaka wamekuwa mifano mizuri.

Maofisa wanaishi hemani. Wanakula vitumbua, kwa kuwa beseni la bibi ndilo pekee lililo karibu, naye amewaambia wazi kwamba hakuna kitumbua cha kitaifa. Kuna cha kienyeji na kuna njaa, wachague. Suti zao zimepauka begani. Wanapiga makofi bado, ila siku hizi kwa zamu.

Wiki iliyopita Bwana Kapalata aliingia ukumbini. Hakuwa na wasaidizi. Alisimama nyuma ya watoto kwa muda, akitazama, kisha akamuuliza Mwalimu kama mtu anaruhusiwa kujaribu, maana amechoka kuketi. Mwalimu akamnyooshea mkaa na kipande cha mfuko wa saruji, akamwelekeza apige magoti palipo na nafasi. Palipokuwa na nafasi ni karibu na Havijawa.

Alichora asubuhi nzima, ulimi nje. Alijichora mwenyewe: suti, tai, beji, viatu viwili vinavyotazama upande mmoja, na jua kubwa lenye miale. Alipomaliza aliishika karatasi kwa mikono miwili, akamsogezea yule mtoto kama mtu anayeleta faili lisainiwe.

Havijawa aliitazama. Hakuiangalia sura, wala tai, wala jua. Aliangalia mabegani, akafuata mikono ya koti ikishuka, mpaka pale ilipopotelea ndani ya suruali.

"Mfukoni mna nini?" akauliza.

"Mikono," akasema Bwana Kapalata.

Akamrudishia karatasi.

"Itoe tuione."